Kwa Hina, Pamoja na Masahihisho ya Kaka Yako

Mwaka mmoja umetimia, mdogo wangu, tangu alasiri ile ya Jumanne ulipokaa kwenye kiti cha wateja, ukamwambia mkeo kwamba unapumzika kidogo, na hukuinuka tena. Ulikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kulikuwa na filamu ndani ya dawa. Mkeo aliiacha akakimbilia kwako, na filamu hiyo ndiyo pekee iliyoharibika pale studio mwaka ule.

Tunaandika tangazo hili la kumbukumbu kama familia, lakini kalamu ninayo mimi, kaka yako. Mama alisema aliyesoma ndiye aandike. Mkeo alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo nitalieleza mahali pake.

Kwanza niondoe uvumi. Wapo waliosema dawa zako ndizo zilizokuua, kwa kuwa walikuwa wakiona vidole vyako. Nilisoma ripoti ya daktari mstari kwa mstari. Ulikufa kwa maradhi ya moyo, kama baba, na kama baba ulikataa kwenda kupimwa. Dawa haikuhusika. Hili naliandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mambo ya kweli kuhusu dawa zako nimechelewa kuyasema.

Wasiokujua wafahamu kwamba ulikuwa mpiga picha wa nyeusi na nyeupe, wa mwisho mtaani kwetu kusafisha filamu zake mwenyewe. Hukutumia dawa ya kawaida inayouzwa ikiwa tayari. Ulitumia ile tuliyoiita dawa ya madoa. Unga wake hupimwa kwenye mizani ndogo kama ya sonara. Huwekwa katika chupa mbili zinazokaa mbalimbali, na chupa hizo hukutanishwa dakika ya mwisho tu, maana zikishachanganywa dawa haikai, inakufa. Kazi yake haiishii kwenye kuitoa picha. Huacha pia doa la manjano juu ya filamu: palipopigwa na mwanga mwingi doa jingi, palipopata mwanga kidogo doa kidogo. Huacha doa vilevile, la kahawia, kwenye kucha za mtu anayedharau glavu.

Ndiyo maana uliitwa Hina. "Bi harusi, nani kakupaka?" wanawake wa duka la vitambaa walikuwa wakikuuliza kila asubuhi ulipofungua mlango. "Mke mdogo," uliwajibu, ukionyesha chumba cha giza kwa kidevu. "Ana wivu huyo. Hataki niguse kitu kingine." Mkeo alipochoka na mzaha huo alinunua glavu, boksi zima, akaliweka juu ya mizani yako. Alisema mke mdogo atakuona umezivaa au utakwenda kulala kwake. Ulizivaa. Kucha zilisafika baada ya miezi michache. Jina halikusafika.

Muda wa dawa uliuhesabu kwa mdomo, hukuitazama saa. Ulihesabu chini kwa chini huku ukilipindua tangi la filamu, na hukuitikia salamu ya mtu yeyote hadi ufike mwisho. Wageni walidhani unasali. Siku moja mjomba alisimama mlangoni, akavua kofia, akangoja kwa adabu dakika kumi na moja, kisha akasema, "Amina." Ulimwaga dawa kwanza, ukatia maji, ndipo ukacheka.

Ulikuwa mpole kwa nyuso za watu. Mtu akifumba macho kwenye picha ya kitambulisho hukumwambia kuwa amefumba. Ulisema kamera imekosea, ukarudia. Wazee walioona haya kwa kukosa meno uliwauliza habari za majirani wasiopatana nao. Walikaza midomo kwa hasira, ukabonyeza, picha ikatoka na heshima zake zote.

Ulikuwa mpole kwetu pia. Uliishi na Mama, ukampeleka kliniki, ukajua vidonge vyake kwa rangi. Mimi nilivijua kwa majina ya kitaalamu na nilikuja Jumapili.

Na uliwapiga picha maharusi. Hapa ndipo ninapopaswa kuwa makini.

Gauni ni jeupe, uso ni mweusi, jua ni la saa saba. Fundi wa dawa ya kawaida huwa anachagua. Akiokoa uso, gauni linageuka shuka lisilo na mkunjo hata mmoja. Akiokoa gauni, uso unabaki meno na macho. Nilipokuwa nikipiga picha nilichagua hivyo kila mara, na nilidhani kila fundi anachagua. Wewe hukuchagua. Picha zako zilikuwa na uso, na jasho juu ya uso, na kila tundu la lesi begani. Niliziona kwenye kuta za watu walionialika chakula. Nilikula nikiwa nimezipa mgongo.

Husuda yangu ina historia, na nitaitoa kwa mpangilio.

Kamera ya baba niliishika mimi kwanza, nikiwa na miaka kumi. Wewe ulikuwa na miaka sita na kazi yako ilikuwa kubeba mfuko. Kopo la unga ule lilikuwa kabatini kwa baba, rafu ya juu, nyuma ya chupa nyingine. Aliachiwa na aliyemuuzia studio na hakuwahi kulifungua. Nililishusha mimi. Nilisoma maandishi yote, nikakuta neno "sumu", nikalirudisha na kunawa mikono hadi viwikoni. Miaka kadhaa baadaye ulilishusha wewe. Hukusoma hadi mwisho. Ulilifungua. Nimelifikiria kopo lile maishani mwangu kuliko nilivyofikiria mitihani yangu.

Nilikwenda chuo, nikawa fundi wa eksirei hospitalini. Nilisomea filamu, dawa zake, weusi wake na namna ya kuupima. Nilirudi na cheti chenye muhuri. Wewe ulibaki na studio. Sebuleni kwa Mama kuna picha moja ukutani, Mama mwenyewe akishona kando ya dirisha, kitambaa cheupe kimemjaa mapajani. Uliipiga wewe. Ile niliyompiga mimi mwaka huohuo, kwa kamera bora zaidi, iko nyuma ya kabati la vyombo. Nilimuuliza sababu. "Nimeiweka hapo isipigwe na jua, mwanangu," alisema. Ya kwako ilikuwa inapigwa na jua kila siku.

Jumapili moja ulikuja na ukanda wa negativu, filamu zilizokwisha kusafishwa, mfukoni. Nilizichukua nikaziinua dirishani, kama ninavyoinua filamu zangu kazini. Zilionekana nyepesi, za manjano, kama kioo cha chupa ya mafuta.

"Hizi hafifu," nilisema.

"Usiitazame, kaka. Ichape."

"Mimi natazama filamu mia kwa wiki."

"Zako za mifupa. Mifupa haivai gauni."

"Mwenzio kakujibu," Mama alisema kutoka jikoni.

"Mama, mimi nasema kitaalamu."

"Na yeye kakujibu kitaalamu."

Ulinialika studio Jumamosi iliyofuata. Ulisema utanifundisha yote asubuhi moja, hakuna siri. Nilikujibu kwamba sina haja ya kufundishwa namna ya kuchafua filamu. Ulisema, "Haya, kaka. Ukipata nafasi." Sikuipata nafasi hiyo kwa miaka ishirini na miwili, na kazini kwangu Jumamosi ni siku ya mapumziko.

Miaka minne iliyopita chuo cha ualimu cha mji wetu kilitafuta studio ya kupiga picha za wahitimu wake. Kilitaka nyeusi na nyeupe, kwenye filamu, kwa ajili ya makavazi. Studio mbili zilipeleka sampuli, yako na nyingine ya upande wa pili wa mji. Mkuu wa chuo alitaka negativu zikaguliwe na mtaalamu, akaja hospitalini kuniomba. Nilimwambia wazi kwamba mmoja wa mafundi hao ni mdogo wangu. Alisema anajua, na kwamba watu waliomtuma wamemwambia mimi sipendelei mtu. Sifa hiyo niliipokea. Nilikuwa nimeitafuta kwa muda mrefu.

Tuna mashine ndogo pale hospitalini ya kupimia weusi wa filamu. Nilizipima zote. Za studio ile nyingine zilitoa namba nzuri. Za kwako zilitoa sifuri nukta nane mahali nilipotarajia moja nukta mbili. Niliandika namba zote kwenye taarifa, na chini yake nikaandika: "Negativu hafifu, zenye doa linaloashiria usafishaji mbovu. Hazifai kuhifadhiwa." Nilitia sahihi. Namba zilikuwa sahihi na hakuna mtu ambaye angeweza kuzipinga.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kamati ilikuwa ikae Alhamisi.

Jumanne jioni, kabla ya kuzirudisha negativu, nilichukua ukanda wako mmoja nikaupitisha kwenye mashine ya baba ya kukuzia picha, ambayo niliirithi mimi. Nilitaka kuona ubaya wake kwa macho yangu. Nilichapa picha moja. Alikuwa mwalimu wa makamo, blauzi nyeupe, amesimama nje ya darasa jua likiwa utosini. Picha ilipojitokeza kwenye beseni nilihesabu vifungo vya blauzi, vyeupe juu ya nyeupe. Vilikuwa vitano. Nilitafuta mshono wa kola nikauona. Nikatazama uso nikaona kwamba alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi na kwamba alikuwa amechoka.

Nilielewa palepale, kwa kuwa nimesomea. Karatasi ya picha haioni manjano kama jicho linavyoyaona. Kwa jicho manjano ni wepesi; kwa karatasi ni kivuli kizito. Mashine yangu hupima kwa mwanga wa jicho. Lile doa nililoliita usafishaji mbovu ndilo lililobeba sehemu nzima ya picha, ile ya nguo nyeupe ambayo mimi sikuwahi kuipata hata mara moja.

Watu husema mwenye husuda haoni. Mimi niliona kila kitu.

Nilikuwa na Jumatano nzima. Taarifa yangu ilikuwa kwenye meza ya katibu wa chuo, dakika kumi kwa miguu kutoka hospitalini. Nilikwenda kazini, nikapiga mapafu kumi na tisa na nyonga mbili, nikarudi nyumbani. Ile picha ya mwalimu niliichana vipande. Alhamisi ulikosa kazi ile.

Jumapili iliyofuata ulikaa karibu yangu mezani kwa Mama.

"Kaka, tumekosa chuo."

"Pole. Ushindani ulikuwa mkubwa."

"Ndiyo," ulisema. Ukaniuliza habari ya goti langu.

Kuanzia siku hiyo uliniuliza kitu kila Jumapili. Goti, kazi, usingizi. Ulikuwa ukiuliza, kisha unakaa kimya ukinitazama, kana kwamba kuna jibu la pili linakuja. Nilidhani ni upole wako. Upole ule uliniudhi. Kila mtu aliusifu, na mimi nilijua kwamba katika hilo pia sikufikii.

Sasa nieleze ya mwaka huu.

Mama alitaka tangazo hili liwe na picha yako. Tulitafuta. Mtu aliyepiga mji mzima kwa miaka thelathini hakuwa na picha yake mwenyewe isipokuwa ya kitambulisho, na ile ina mkunjo puani. Ndipo binti yako mkubwa, ambaye sasa ndiye anayesimamia studio, alipokumbuka kwamba wiki moja kabla ya kifo chako alikupiga mara nne akijaribu lenzi. Filamu ilikuwa bado kwenye kamera. Mkeo hakuwa amekubali mtu aiguse. Alisema ikishasafishwa, basi hutakuwa na kitu kilichobaki kufanywa.

"Kaka yake ataisafisha," Mama aliamua. "Si ndiye fundi."

Nilikwenda Jumamosi asubuhi na chupa yangu mwenyewe. Mkeo alikuwa mlangoni.

"Hiyo nini, shemeji?"

"Dawa ya kawaida. Filamu ni moja tu, hatuwezi kubahatisha."

"Inasafishwa kwa dawa yake, au inarudi ndani ya kamera."

"Shemeji, filamu ikishatoka hairudi."

"Basi na wewe ukishatoka hapa na hiyo chupa hurudi."

Binti yako alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza akila karanga. "Baba mkubwa," alisema, "vaa glavu tu."

Nilivaa. Nataka nieleze jinsi ilivyokuwa, kwa sababu mambo haya ulitaka kunionyesha wewe. Mkeo alipima unga mara moja, hakurudia, na sindano ya mizani ilisimama katikati. Alichukua maji, akatumbukiza kipimajoto, akasubiri. Aliichanganya dawa wakati filamu ilikuwa tayari tangini na hakuna kilichobaki kungojwa, ikageuka rangi kidogo mbele yetu. Huyu hakumaliza sekondari. Ulimfundisha kwa miezi mitatu, mkiwa wawili kwenye chumba kisicho na dirisha, na alikuwa anajua kwa mikono mambo ambayo mimi nayajua kwa vitabu. Nilimwonea wivu, na nilikuonea wivu wewe kwa kuwa na mtu wa kumwachia. Mimi nitastaafu na funguo zangu zitapewa yeyote aliyeko zamu.

"Wewe hesabu," aliniambia. "Kwa sauti."

Nilihesabu. Mwanamke wa duka la vitambaa alipita akasalimu, sikumwitikia, akasema, "Ah, wa pili huyo."

Muda ulipotimia nilimwaga dawa, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye chupa ya asidi, ile yenye harufu ya siki, kama nilivyouzoeza kazini kwa miaka thelathini. Mkeo alinishika kiganja.

"Hiyo inakula doa. Maji matupu."

"Kwa kawaida asidi…"

"Kwa kawaida yako. Maji, shemeji."

Tuliitia filamu dawa ya kuikaza picha, tukaiosha, tukaitundika. Niliisogelea. Ulikuwepo mara nne, mdogo sana, rangi zimegeuzwa, shati lako jeupe likiwa zito na uso ukiwa mwepesi. Ilikuwa nyepesi na ya manjano, na macho yangu yalisema vilevile yalivyosema miaka minne iliyopita. Mkeo alisimama nyuma yangu.

"Unaionaje, shemeji? Hafifu?"

Alilitamka neno lile kama mtu anayesoma. Binti yako aliacha kutafuna karanga.

"Mnajua," nilisema.

"Katibu wa chuo ni mteja wetu. Alituletea taarifa yako wiki ileile."

"Na mumeo aliisoma?"

"Aliisoma hapo ulipo. Akasema, 'Kaka kakosea, mashine yake haijui manjano.' Akataka aje akueleze. Kisha negativu zikarudi."

Alifungua sanduku, akatoa ukanda wa yule mwalimu, akauweka juu ya meza ya kioo yenye taa. Mashine ya kukuzia ya baba ina kona moja iliyopinda. Kila filamu inayopita mle hutoka na mkwaruzo mfupi pembeni, upande wa kushoto. Mimi na wewe tuliujua mkwaruzo ule tangu utotoni. Baba alikuwa akituchapa akidhani ni kucha zetu. Mkwaruzo ulikuwa pale, pembeni ya blauzi nyeupe.

"Akasema nini?" niliuliza.

"Akasema, 'Basi kaka ameshaiona.'"

"Hakukasirika?"

"Alikasirika sana. Wiki mbili hakula akashiba. Ulidhani nimeolewa na malaika?" Aliirudisha negativu sandukuni. "Lakini alikataa nikuseme. Alisema utasema mwenyewe. Kila akitoka kwa Mama Jumapili namuuliza, 'Kasema?' Anasema, 'Bado.' Mpaka nikaacha kuuliza. Yeye hakuacha kwenda."

Nimezihesabu Jumapili hizo. Kuanzia ile uliyoniuliza goti hadi ya mwisho kabla hujafa ni mia moja na hamsini na tatu. Katika hizo ulikosa nne, kwa sababu ya mafua na harusi za watu. Katika mia moja na arobaini na tisa ulikaa karibu yangu ukaniuliza swali na kungoja.

Nilianza kumwomba mkeo radhi. Alinikatiza.

"Samahani yako si yangu, na mwenyewe hayupo. Mimi nina sharti. Chuo kinatafuta studio tena mwaka huu. Mwanangu kapeleka sampuli, na taarifa yako bado iko kwenye jalada lao, ina muhuri. Unataka kuandika kumbukumbu? Andika na hilo. Palepale watu wanaposoma."

Hilo ndilo sharti, na hili ndilo jibu langu.

Kwa mkuu wa chuo na kwa yeyote anayesoma: taarifa niliyoitoa kuhusu negativu za studio ya mdogo wangu ilikuwa ya uongo katika hitimisho lake. Namba zilikuwa sahihi, lakini zilipimwa kwa njia isiyofaa filamu iliyosafishwa kwa dawa ya madoa. Negativu hizo hazikuwa hafifu. Zilikuwa bora kuliko zile zilizochaguliwa, na bora kuliko zozote nilizopata kusafisha mimi. Nilipoandika taarifa Jumatatu sikujua. Jumanne jioni nilijua. Jumatano nilinyamaza kwa sababu ya husuda. Nakala ya maneno haya nimeipeleka kwa mkono, na katibu amenisainia kuipokea. Kamati itakaa wiki ijayo na sijui itaamua nini.

Binti yako alisoma maandishi haya kabla hayajatoka. Alikuwa na kalamu nyekundu.

"Baba mkubwa, hapa kwenye Jumanne umeandika 'huenda nilijua'. Ulijua au hukujua?"

"Nilijua."

"Basi toa 'huenda'."

Nimelitoa.

Kuhusu picha: nilichapa tatu, kila moja kwa muda tofauti, na kuandika nyuma. Mkeo alichapa moja. Tulizipanga mezani kwa Mama bila kumwambia ipi ya nani. Mama alivaa miwani, akazipita zangu zote, akainua ya mkeo, akasema, "Huyu hapa." Ndiyo hiyo mnayoiona. Ana haki, kwenye zangu shati ni zuri na macho hayapo. Nimejaribu tena mara mbili tangu siku hiyo. Bado nakuonea wivu, mdogo wangu, na sasa najua hata kiasi chake. Nimeona niliandike na hilo, masahihisho yasije yakawa na pengo.

Jana nilimsomea Mama tangazo zima, maana maandishi madogo hayaoni tena. Alisikiliza akiwa ameshika kingo za kiti.

"Soma tena pale pa Jumatano," alisema.

Nilisoma.

"Tena."

Nilisoma tena. Kisha akanipangia yeye mwenyewe majina ya wanaokukumbuka na nafasi ya kila mmoja, akasema nisibadilishe.

Wanaokukumbuka ni mama yako, mkeo ambaye ni fundi, binti yako mkubwa ambaye ni fundi, binti yako mdogo aliye masomoni, mjomba wako aliyesema amina, shangazi zako wawili, wanawake wa duka la vitambaa, katibu wa chuo, mwalimu mwenye blauzi nyeupe, ambaye tumempata na ameomba awemo, mafundi wenzako wa studio zote za mji, na wa mwisho, ingawa ni mkubwa wa wote waliozaliwa na Mama, kaka yako.

Hatutakusahau siku zote za uhai wetu.